Ile ya Mgodi

Siku Iha alipopotea, maji yalikuwa yameshapanda hadi katikati ya nguzo za simu nje ya Garsen, na basi la Lamu lilikuwa limelala stendi siku ya nne bila abiria. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na saba. Redio iliiita mvua ile Elnino, wazee waliiita gharika tu. Iha alifunga kibanda chake cha kutengeneza baiskeli mapema, akamwambia dadake Mbodze kwamba anateremka Kau kumtazama mama yao, na kwamba Ijumaa saa nane mchana atakuwa amerudi, kwa sababu Alhamisi iliyopita yeye ndiye aliyeshinda ubishi na filamu ya Ijumaa ilikuwa yake kuchagua.

"Ukirudi na matope usiyaingize chumbani," Mbodze alimwambia, macho yakiwa kwenye cherehani.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyompa kaka yake.

Mtumbwi ulikuwa na watu watatu. Chini ya mji, pale mto unapojipinda, ulipigwa na gogo lililokuja na maji likiwa limezama nusu. Wawili walishika mikindu wakaokoka. Mmoja wao alisema aliuona mkono wa Iha ukitoka juu ya maji mara moja tu, vidole vimetanuka, kisha mto ukafunga mdomo. Walimtafuta siku nane. Walipata mfuko wake wa spana ukining'inia mtini. Mwenyewe hawakumpata.

Ijumaa ile banda la Dado lilionyesha filamu kama kawaida. Kwa heshima ya marehemu waliweka aliyoipenda.

Dado alikuwa na televisheni moja, deki moja, jenereta lililokohoa, na kaseti zilizobanduka karatasi zake zamani. Kwa hiyo filamu za Garsen hazikuwa na majina ila yale ziliyopewa hapo hapo: ile ya mgodi, ile ya meli, ile ya wakimbiaji. Zote tatu zilikuwa za mazombi, na vijana na watu wazima walizigombania kama watu wanavyogombania mipaka ya mashamba. Ubishi ulifanyika kila Alhamisi mbele ya kibanda cha Iha, juu ya magurudumu yaliyong'olewa. Aliyebaki wa mwisho bila kunyamazishwa ndiye aliyechagua filamu ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Iha alikuwa na hoja zake. Alisema zombi si ndondocha. Ndondocha ana bwana, mchawi aliyemfukua ili amlimie shamba, lakini zombi hatumwi na mtu. Anaamka kwa shida zake mwenyewe, na zombi bora ni yule unayemhurumia kabla ya kumkimbia. Ndiyo maana aliipenda ile ya mgodi. Wafu wa mgodi walitembea polepole, kila mmoja akielekea kwao.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Huka, dalali wa ng'ombe, mwenye sauti ya kuzoea kupigia mnada. Huka hakutaka kusikia zombi mwingine ila wale wanaokimbia. Na aliyewaunganisha wote alikuwa Mukhtar, ambaye alisoma Hola hadi kidato cha nne na aliyesimama kando ya televisheni na kifimbo, akiwageuzia Kiingereza kuwa Kiswahili. Lakini Mukhtar hakugeuza tu. Alipika. Mzungu akisema maneno mawili, Mukhtar alisema kumi, akatia ndani jina la mtu aliyekaa safu ya tatu na deni la mahari alilo nalo kwa mkwewe, watu wakacheka hadi viti vikavunjika. Kwa kazi hiyo walimpenda, na hakuna aliyewahi kumwuliza ni maneno yapi yalikuwa ya filamu na yapi yalikuwa yake.

Mwezi wa kumi na mbili maji yalipungua kidogo. Baba mdogo wa akina Mbodze alituma neno kwamba wazee wamekubaliana: hanga ya Iha, maombolezo ya mazishi, ifanywe hata bila mwili, watu wakae matanga siku zao, kisha achomekewe koma, ule mti mdogo uliochongwa ambao Wagiriama humsimamishia marehemu wa ukoo apate mahali. Asiyechomekewa koma hana pa kukaa. Huja ndotoni akilia baridi. Lililobaki ni neno la mama, kwa kuwa baba alikwishakufa, na mama, Nyevu, alikubali. Alikuja Garsen kwa mtumbwi kununua vitambaa vya kuufunga ule mti, cheupe, chekundu na cha buluu, na akafikia kwa Mbodze.

Nyevu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Mbodze alimshika mkono kutoka duka hadi duka, na waliporudi na vitambaa vimekunjwa kwapani, mama akaomba apelekwe akaguse kibanda cha mwanawe.

Ilikuwa Alhamisi. Walikuwa wamejaa pale.

"Zombi ya kutembea polepole ni zombi gani?" Huka alikuwa anapaza sauti. "Hata mbuzi ya kilema inamkimbia! Mimi nasema wakimbiaji. Wakimbiaji ndio mzuri. Unafunga mlango, yuko ndani. Unapanda mti, yuko juu."

"Hao ni mbwa koko tu," Mukhtar akamjibu. "Hawana kwao. Wa mgodi wana akili, wanajua nyumbani. Kila mmoja anakwenda kwa mamake."

"Kwa mamake kufanya nini? Sema ukweli, Mukhtar. Kufanya nini?"

Wakacheka. Halafu mmoja akamwona Nyevu amesimama na kiganja chake juu ya ubao wa kibanda, na kicheko kikafa vipande vipande.

"Shikamoo, Mama Iha," Mukhtar akasema.

"Marahaba. Hao mnaowasema, wanarudi nyumbani?"

Dado alijikuna shingo. Huka ndiye aliyefungua kinywa.

"Wanarudi, mama. Wote. Hakuna hata moja inapotea njia."

"Huka," Dado akamwita kwa sauti ya chini.

"Ameniuliza, namjibu."

"Iha aliniambia habari zao," Nyevu akasema. "Akija Kau ananisimulia ile ya mgodi. Lakini hakunimalizia hata siku moja. Nikimwuliza mwisho wake, ananiambia mama, chai inapoa." Akatabasamu kidogo, upande ambao hapakuwa na mtu. "Mwisho wake ni upi?"

Huka akasimama kwenye gurudumu lake kama yuko mnadani. "Sikia mama. Mwaka mzima sisi tunabishana hapa, hatuna hakimu. Kesho wewe kuja, kaa mbele, sikiliza ya mgodi yote, halafu sema ipi ndio bora. Sisi wengine tunasema kwa mdomo tu. Wewe peke yako una mtu huko."

Mbodze alihisi damu ikimpanda usoni. "Mayo, twende," alimwambia mama yake.

"Nitakuja," Nyevu akasema.

Usiku huo Mbodze alimwambia mama yake kwamba wale ni watu wa mzaha na banda lile si mahali pa mwanamke mtu mzima. Nyevu akamjibu kwamba Iha alikaa pale kila Ijumaa na hakuoza, na kwamba hajaomba kitu tangu mto umchukulie mtoto wake. Atanyimwa hata kusikia hadithi?

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, banda lilijaa kuliko sikukuu. Habari ilikuwa imezunguka. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mabati yalitoa joto kama kikaango, na Nyevu akawekwa mbele kabisa juu ya kreti ya soda iliyotandikwa kanga. Mbodze alikaa ubavuni pake. Mama aliuelekeza uso pembeni kidogo ya televisheni, mahali alipouona mwanga.

Mwanzoni Mukhtar alitafsiri kwa adabu. Mlima ukaporomoka, wachimbaji wakafukiwa, wake zao wakasimama mdomoni mwa mgodi mvua ikiwanyeshea. Mama mmoja mzee alikataa kuondoka. Nyevu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Kisha siku ya saba ardhi ikapasuka, wakatoka. Walitembea juu ya reli ya mgodi, wamejaa vumbi, wakiyumba, kila mmoja akakata njia ya kwao.

"Huyu sasa ni mtoto wa yule mama mzee," Mukhtar akasema. "Amefika kwao. Anagonga. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu."

Mbodze alikuwa hajawahi kuiona filamu hiyo. Aliona mlango ukifunguka, akamwona yule bibi akinyoosha mikono, na akamwona mwanawe akimrukia shingoni kwa meno.

Mukhtar alitazama kwenye televisheni, akamtazama Nyevu, kisha akamtazama Huka. Huka alikuwa ameshika pindo la kikoi chake mdomoni. Na Mukhtar, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuliacha banda lisicheke, akaona kicheko kiko pale, kinasubiri kuokotwa.

"Amemkumbatia," akasema.

Mtu mmoja nyuma akapumua kwa pua.

"Anamkumbatia kwa nguvu sana. Anamwambia, mama, nimerudi. Njaa inaniuma, mama."

Damu ilikuwa imejaa kioo.

"Mama anamwambia, karibu mwanangu, karibu chakula."

Banda likapasuka. Watu walijipiga mapaja, mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi, Huka akalia machozi. "Mwenye macho haambiwi tazama!" akapiga kelele. "Asiye nayo anaambiwa na Mukhtar!" Hata Dado, aliyesimama mlangoni na uso wa aibu, alifunika mdomo.

Nyevu akamgeukia binti yake. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Wanafurahi," akasema. "Amefika kwao."

Akaushika mkono wa Mbodze. Tangu siku ya mtumbwi mkono wa mama yake ulikuwa baridi kama samaki. Sasa ulikuwa na joto, na ulibana. Mbodze alikuwa na neno mdomoni. Alikuwa nalo kabisa, limeshafika kwenye meno. Akasema moyoni, acha kwanza atoke humu, nitamwambia nyumbani.

"Haya, hakimu!" Huka akaita taa zilipowashwa. "Ipi bora?"

"Ya mgodi," Nyevu akasema, na wakampigia makofi.

Nyumbani mama alikula sahani nzima ya sima na samaki, akaomba aongezewe mchuzi. Mbodze alimtazama akila. Akasema, nitamwambia kesho. Alfajiri aliamka akakuta mama amekwishajifunga kanga, na vitambaa vitatu vimewekwa vizuri juu ya cherehani.

"Virudishe dukani," Nyevu akasema. "Sitamchomekea koma mtoto anayetembea. Anatembea polepole tu. Mwambie baba yako mdogo hakuna hanga."

Mbodze alimsindikiza mtumbwini na hakumwambia.

Baba mdogo alitukana mpaka sauti ikamwisha. Nyevu hakumjali. Pale Kau aliliondoa pingo la mlango akalitupa mtoni, usiku na mchana mlango ukawa wazi, mbuzi wakaingia na kutoka. Alipika vyungu viwili. Majirani walikuja kumwonya, wakapewa habari za wachimbaji na reli yao, wakaondoka wakitikisa vichwa. Walisema huzuni imempanda kichwani. Mbodze alipata habari hizo kutoka kwa kila aliyepanda mto, na kila mara alisema atateremka wiki ijayo.

Mwezi wa kwanza mvua ilirudi na hasira mpya. Mto ulivunja kingo juu na chini, na boti za msaada zikaanza kuwaondoa watu wa vijiji vya chini kuwapeleka kwenye miinuko. Mwanamume mmoja aliyefika Garsen akasema Kau wamebaki watu wachache, na mmoja wao ni mama mzee asiyeona ambaye kila boti ikija anaiuliza kama imebeba mwanawe, na ikisema hapana anaiambia iende zake. Siku hiyo Mbodze hakungoja wiki ijayo. Alipanda boti ya magunia ya unga.

Alikuta maji yameshavuka kizingiti. Nyevu alikuwa amekaa kitandani, kitanda kimeinuliwa kwa mawe, miguu imekunjwa chini yake, chungu kimoja mapajani.

"Mayo, inuka. Boti iko nje."

"Nani huyo? Mbodze? Umekuja na nani?"

"Nimekuja kukuchukua. Maji yanapanda."

"Yanapanda, nayasikia. Kaka yako akija akute nyumba tupu?"

"Hatakuja."

"Katika ile ya mgodi..."

"Mayo, ile ya mgodi alikudanganya." Sauti yake ilitoka kubwa mno kwa chumba kile kidogo. "Mukhtar alikudanganya. Yule mama alipofungua mlango, mwanawe alimla. Alimng'ata shingo akamla, mbele ya watu wote. Ndicho walichokuwa wanacheka. Walikuwa wanakucheka wewe."

Maji yalipiga ukuta wa udongo, yakarudi, yakapiga tena. Kipande cha ukuta kikaanguka ndani ya maji na sauti ya kitu kilaini.

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Ubavuni pako."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanishika mkono."

"Wewe ndiwe uliyenishika."

"Ukanyamaza." Nyevu alisema bila kupandisha sauti. "Ukanilisha sima, ukanipeleka mtumbwini, ukanyamaza. Sasa nimwamini Mbodze yupi? Yule wa Ijumaa, au huyu wa leo mwenye haraka ya boti?"

Nje nahodha alipiga kelele kwamba ana watoto ndani na hawezi kungoja. Mbodze aliingia majini hadi magotini, akamshika mama yake mabega, akamvuta. Nyevu alishika mguu wa kitanda. Walivutana kama watu wanaogombania ng'ombe, mama na binti, na mara Nyevu akamwachia kofi lililompata sikioni.

"Na kama ni kweli?" mama akasema, akihema. "Kama ni kweli alimla? Mwanangu atoke huko aliko, atembee njia yote hiyo, aje na njaa, mimi nimnyime? Na ale."

"Dada! Unakuja au hukuji?" nahodha aliita.

"Nenda," Nyevu akasema. "Wewe unajua kunyamaza. Nenda ukanyamaze huko."

Mbodze alikwenda. Alisema, "Kesho nitarudi na wanaume wawili wakubebe," na mama akageuzia uso mlangoni. Boti ilipogeuka alimwona kupitia mlango ule usio na pingo, amekaa wima kitandani, uso kauelekeza kwenye mwanga.

Kesho yake hakukuwa na boti. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu wakafika wakakuta paa limekaa juu ya maji peke yake kama kofia. Nyevu walimpata katika migomba ya jirani, hatua mia mbili kutoka kwake. Aliyemtambua kwanza alimtambua kwa shanga.

Walimzika kwenye mwinuko maji yalipoacha nafasi ya kaburi, na hanga ikafanywa moja kwa wawili. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyechonga koma ya Iha. Vitambaa vilikuwa vile vile vitatu, kwa sababu Mbodze hakuvirudisha dukani.

Watu wa Garsen walikuja, walikuja wengi, na Mbodze aliwapitishia chai. Chini ya turubai wanaume walikaa wamesogeleana, na baada ya dua na pole na habari za mifugo iliyokufa, mazungumzo yakateleza kwenda kule yalikozoea. Mwanzoni walinong'ona. Ile ya meli, mmoja akasema, haijathaminiwa. Mwingine akasema meli ina usingizi. Mbodze alikuwa nyuma yao na birika.

"Mimi nakubali sasa," Huka akasema, akitazama kikombe chake. "Nimeshindwa. Ya mgodi ndio bora. Wakimbiaji wanatisha watu kwa kioo tu. Hakuna zombi nyingine imeua mtu mpaka Kau."

"Nyamaza wewe," Dado akasema. "Dadake yuko hapo nyuma."

"Si alikuwa hapo mbele pia? Alisema nini?"

Mbodze alimimina chai katika kikombe cha Huka, akaijaza mpaka ukingoni, akaenda kwa anayefuata. Aliyefuata alikuwa Mukhtar. Hakukinyoosha kikombe. Alikuwa amekonda, na wenzake walisema tangu habari za Kau zifike hajaingia bandani.

"Mbodze," akasema. "Mimi nilikuwa natafsiri tu. Unajua watu wanavyotaka kucheka."

"Najua," Mbodze akasema. "Lete kikombe."

Akampa. Mbodze akamjazia mpaka ukingoni. Baada ya wiki tatu Mukhtar alirudi kazini, kwa sababu aliyejaribiwa mahali pake hakujua kuchekesha.

Mwaka huu ni wa tisini na tisa. Mwili wa Iha haujapatikana. Shamba la Nyevu pale Kau linalimwa na jirani, na msimu huu amepanda mpunga.